Raia wa Kununua na Raia wa Kuzaliwa

Somo: Matendo 22:22-29

Mliokuwa kwenye ibada mnakumbuka nilianza na swali: ni nani hapa Njukini hana shangazi, binamu au shemeji upande wa Rombo? Hakuna mkono ulioinuka, watu wakacheka. Tunauziana ndizi, tunaoana, tunazikana. Mpaka tuliukuta tu.

Kicheko kiliisha nilipotaja neno tunalolitumia tukigombana. Ikiwa ni shamba, ikiwa ni zamu ya maji ya mfereji, hata uongozi wa kwaya, atatokea mmoja aseme: "Kwani huyu si Mtanzania? Kitambulisho alipata wapi?" Na anayesema ameokoka, Biblia iko kwapani.

Sasa tumwangalie Paulo. Amefungwa kamba, karibu apigwe mijeledi, ndipo anamwuliza yule akida kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa. Jemadari anakuja mbio. Anasema yeye uraia wake aliupata kwa pesa nyingi. Paulo anamjibu kwamba yeye alizaliwa nao. Na hapo wale waliokuwa tayari na mijeledi wakarudi nyuma. Mimi nilisoma biashara kabla ya kuitwa kwa huduma, kwa hiyo macho yangu yalienda kwa ile pesa. Kitu ulichouziwa, aliyekuuzia anaweza kutafuta kasoro kwenye risiti. Lakini ulichozaliwa nacho hakina risiti.

Ajabu ni kwamba katiba yetu ya 2010 inatenganisha watu hao wawili. Kifungu cha 14 kinasema wewe ni raia wa kuzaliwa kama siku uliyozaliwa mama yako au baba yako alikuwa raia wa Kenya, haijalishi ulizaliwa Kenya au nje. Dada uliyejifungulia Rombo kwa sababu uchungu ulikukuta huko kwa mama mkwe, umesikia? Mtoto wako ni Mkenya. Kifungu cha 16 kinasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Kifungu cha 17 ndicho cha kunyang'anya, na kinamlenga hasa aliyepata uraia kwa kusajiliwa: kama alidanganya au alificha jambo, kama alishirikiana na adui wakati wa vita, kama alipatikana na makosa makubwa ya jinai. Hata huyo lazima aelezwe sababu na apewe nafasi ya kujitetea. Kugombana na jirani juu ya mfereji hakumo.

Mtu ataniuliza, pasta, na serikali ikiamua tu? Iliwahi kuamua. Januari 30, 2018 Miguna Miguna alikuwa kando ya Raila Odinga kwenye kile kiapo cha Uhuru Park. Februari 6 usiku akapakiwa kwenye ndege kwenda Canada. Hoja ilikuwa kwamba alichukua uraia wa Canada wakati katiba ya zamani haikuruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo si Mkenya tena. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema ni raia wa kuzaliwa, uraia wake haukupotea, ikaagiza alipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 7. Lakini alikanyaga nyumbani Oktoba 2022. Unaweza kupenda siasa zake au usizipende, mimi simpigii debe mtu. Hesabu tu hiyo miaka.

Na majirani zetu wasijione salama. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya huko Tanzania, aliambiwa si raia. Mkuu wa wilaya mzima! Ikabidi aombe uraia wa nchi aliyokuwa ameitumikia.

Tumwone na yule ambaye hata hajapewa cha kunyang'anywa. Wapare wa huku Taveta wamelia miaka mingi kutambuliwa. Wamakonde waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi Oktoba 2016 ndipo mlango ukafunguka. Mimi mwenyewe nilipofika miaka 18 nilirudishwa mara tatu nikalete kitambulisho cha babu, na babu alishakufa. Siku ya nne nilirudi na mama. Nilimwona akiongea na mtu wa umri wangu kwa unyenyekevu ambao sijausahau.

Lakini nisiseme upande mmoja. Wako kati yetu waliopata karatasi kwa jina la mtu mwingine, na wako wazee waliotia sahihi kwa bei ya mbuzi. Paulo alisema kweli pale kamba zilipokuwa mkononi mwake, ndiyo maana neno lake lilisimama. Karatasi ya uongo ndiyo hasa ile ambayo sheria inaruhusu ifutwe, na ikifutwa inawachafulia hata wenzako waliosema kweli. Kama ni wewe, njoo tuongee kwa siri, tutafute wakili. Sitakutaja kwenye madhabahu.

Najua jibu tunalopenda: sisi uraia wetu ni wa mbinguni, Wafilipi 3. Amina, ni kweli. Lakini aliyewaandikia Wafilipi ndiye yule yule aliyekataa kutoka jela kimya kimya katika mji huo huo wa Filipi, akataka wakubwa waje wenyewe wamtoe (Matendo 16:37). Hakuona aibu kudai haki ya hapa chini. Na Kumbukumbu 27:19 inaweka laana kwa anayepotosha haki ya mgeni. Soma orodha hiyo yote ukifika nyumbani, uone amewekwa pamoja na watu gani.

Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili tutakaa chini ya mwembe na wazazi wenye watoto waliofika miaka 18. Njoo na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho cha mama au baba. Na yule ndugu wa kwaya aliyeitwa Mtanzania mwezi uliopita, aliyemwita anajijua. Nimewawekea viti viwili.