Chupa Isiyo na Kizibo

Lebo niliiandika mwenyewe kabla ya likizo: haidroksidi ya sodiamu, 0.1 M. Kizibo kilikuwa kimepotea, nikaifunika chupa kwa karatasi. Hapa Nyakakika hatutupi kemikali kwa sababu ya kizibo.

Shule ilipofunguliwa, nikawapa kidato cha nne titresheni. Ubaoni niliandika jibu linalotarajiwa: asidi sentimita za ujazo 25.0. Darasa zima likaleta 25.0 au 24.9. Binti mmoja tu akaleta 23.6. Nikamwambia arudie. Akarudia mara mbili.

"Mwalimu, rangi inapotea hapo hapo."

Nikampa 4 kati ya 10. Wenzake nikawapa 9.

Jioni, maabara ikiwa tupu, nikapima mwenyewe. Rangi ya waridi ya fenolfthaleini ilitoweka kwenye 23.6.

Hewa tunayovuta ina kaboni dayoksaidi kidogo sana, kama sehemu 4 kati ya 10,000, lakini haichoki. Wiki baada ya wiki huingia kwenye chupa na kugeuza haidroksidi kuwa kaboneti ya sodiamu, ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Maji ya chokaa yangegeuka meupe kama maziwa, tukajua. Kaboneti ya sodiamu huyeyuka, kwa hiyo myeyusho hubaki maangavu kama siku ya kwanza.

Nikapima tena, safari hii kwa methili oranji. Nikapata 25.0. Kiashiria hiki hubadilika rangi asidi ikishaimaliza na kaboneti yenyewe, hivyo hasara haionekani. Fenolfthaleini huishia njiani, ndiyo maana huifichua. Chupa ile ile, majibu mawili, na yote ya kweli.

Nani basi alidanganya? Lebo ilikuwa kweli siku niliyoiandika. Hewa haina kosa. Ningeweza kusema nami sikukusudia, na ningekuwa sahihi kuhusu chupa. Lakini ubao niliuandika kwa mkono wangu, tena kwa kujiamini. Sikuwa nimeupima ule myeyusho. Niliamini kwamba kilichokuwa kweli Novemba kingebaki kweli Januari. Kisha nikamwadhibu mtu pekee aliyetazama bureti badala ya kunitazama mimi.

Hao wengine walipika majibu, hilo halina ubishi. Ila jiko, kuni na chungu niliwapa mimi.

Kesho yake nililiomba darasa radhi, na binti yule nikampa 10. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Na sisi, Mwalimu, utatupunguzia?" Nikasema hapana. Nikawagawia karatasi, kila mmoja aandike namba aliyoiona kweli siku ile, bila jina.

Nilizisoma usiku. Nyingi zilisema 23 na kitu. Chache bado zilisema 25.0, na sijui kama hao waliniogopa mimi, au walishaacha kuona.

Siku hizi lebo zangu zina tarehe. Ubao huwa mtupu mpaka wamalize.