Je, Kila Anayelipwa Ni Mtu wa Mshahara?

Tangu mahubiri ya Yohana 10 kuna swali linazunguka katikati yetu. Kijana anayetupigia kinanda ameomba kanisa limlipe kitu. Je, amekuwa yule mtu wa mshahara ambaye Yesu alisema akimwona mbwa mwitu hutoroka? Wengine wameshasema ndiyo, tena kwa sauti. Mimi nataka kujibu, lakini nitapitia njia ndefu kidogo, njia ya mchezo wa gofu. Msicheke.

Gofu si mchezo wetu hapa Isiolo. Sisi tunajua mpira wa miguu na tunajua ngamia. Lakini ukipanda mpaka Timau halafu ushuke Nanyuki, pale klabu ya michezo utaona watu wazima wakitembea nyuma ya mpira ulio mdogo kuliko yai la kuku. Wachezaji wa gofu ni wa aina mbili. Yuko wa ridhaa, anayecheza kwa kuupenda mchezo, na yuko wa kulipwa. Kinachowatenganisha si ustadi. Wa ridhaa akikubali zawadi ya pesa kupita kiwango kilichowekwa, au akilipwa kufundisha wengine, ameshavuka ng'ambo. Hapa Kenya wengi wa kulipwa walianza kama makedi, wale vijana wa kubebea wenyewe mifuko ya fimbo.

Sasa mtu akisikia "wa kulipwa" anafikiri ni mshahara. Sio hivyo. Hakuna anayemwekea kitu kwa benki mwisho wa mwezi. Mashindano makubwa huchezwa siku nne, mashimo 18 kila siku, na baada ya siku mbili kuna mchujo. Aliyekosa anafunga mfuko wake anaenda nyumbani, na kwa kawaida hapati hata shilingi, ilhali nauli, chakula na mahali pa kulala alijilipia. Kenya Open ilianza 1967, na mwaka 2019 ikaingizwa katika ziara kuu ya Ulaya. Seve Ballesteros wa Uhispania aliishinda 1978. Hadi 2025 hakuna Mkenya aliyekuwa ameishinda, na bado vijana wetu wanajiandikisha kila mwaka. Kwa hivyo huyu tunayemwita wa kulipwa, kusema ukweli, ni mtu ambaye ameweka sufuria ya watoto wake juu ya kazi moja. Kulipwa kwenyewe kunaweza kuja au kusije.

Kitu kinachonigusa zaidi ni hiki. Uwanja wa gofu ni mkubwa, mwamuzi hawezi kufuata kila mtu. Mchezaji akikosea mahali hakuna aliyeona, kanuni inamtaka ajishtaki mwenyewe. Mwaka 1925, katika mashindano ya wazi ya Marekani, Bobby Jones alisema mpira wake ulisogea alipokuwa akijitayarisha kuupiga. Hakuna mwingine aliyeuona ukisogea. Akajiongezea pigo moja, wakamaliza sare na Willie Macfarlane, na waliporudiana Jones akashindwa. Jones alibaki mchezaji wa ridhaa miaka yake yote ya mashindano. Nasikia wengine wenu mnapiga makofi: mmeona, asiyelipwa ndiye mwaminifu!

Ngojeni kwanza. Aprili 2010, huko Hilton Head, Marekani, Mwingereza Brian Davis, mchezaji wa kulipwa, alifungana na Jim Furyk, wakaenda kwenye shimo la kuamua mshindi. Davis hakuwa ameshinda hata mara moja katika ziara ya Marekani. Mpira wake uliangukia ufuoni, penye mabua makavu. Alipovuta fimbo nyuma, aliona kwa pembe ya jicho bua moja limetikisika, na kanuni ya wakati huo ilikataza kuligusa. Akamwita mwamuzi yeye mwenyewe. Ilibidi picha za televisheni zirudishwe polepole ndiyo ionekane kweli limeguswa. Adhabu ikawa mapigo mawili, Furyk akachukua ushindi. Kati ya zawadi ya kwanza na ya pili kulikuwa na tofauti ya zaidi ya dola laki nne. Na Davis hakupata tena ushindi katika ziara hiyo.

Kwangu mimi, Jones alitoa kombe. Davis alitoa kombe pamoja na mkate. Pesa hazikumharibu, zilifanya tu mtihani uwe mgumu zaidi.

Na Neno lina mtu wa namna hiyo. Someni Mwanzo 31, kuanzia mstari wa 38. Yakobo alikuwa mchungaji wa kulipwa kwa Labani miaka 20, na ujira wake ukabadilishwa mara kumi. Kundi halikuwa lake. Lakini mnyama aliyeraruliwa alimlipa yeye mwenyewe, mchana jua linamchoma, usiku baridi, usingizi hakuna. Watu wa Kinna na Merti wanaelewa sura hiyo kuliko wahubiri wengi. Wakati wa ukame ule wa 2020 hadi 2023, wako waliotembea usiku kucha na ngamia wa mtu mwingine wakitafuta maji, na wako waliouza mbuzi wa tajiri wakasema ameliwa na fisi. Wote walikuwa wakilipwa. Yule wa Yohana 10 naye, Yesu anasema hajali kondoo. Hapo ndipo kosa lake liko.

Mtaniuliza, na Paulo je? Si alishona mahema ili asilemee mtu? Ndiyo, lakini 1 Wakorintho 9 inaanza kwa kutetea haki ya wanaohudumu kula kutokana na huduma, kisha anaiacha yake. Haki huachwa na mwenyewe. Haiwezi kuachwa kwa niaba yake na sisi wazee ambao mwisho wa mwezi tunaenda kuchukua mshahara wa kaunti.

Kwa hivyo mkiniuliza mimi, huyu kijana tusimpime kwa kuomba pesa. Tumpime kwa siku ya mbwa mwitu. Kanisani mbwa mwitu ni matanga ya mjane kule Kulamawe, hakuna bahasha, hakuna stima, na spika inatakiwa ibebwe. Siku hiyo alikuja, na spika aliibeba mwenyewe. Ni kiasi gani alipwe, hilo nawaachia kamati ya fedha, maana bei ya kinanda mimi siijui.