Upako Haukumtoa kwa Kondoo
Andiko: 1 Samweli 16:11–23, 17:20



Alhamisi iliyopita mazoezi ya vijana yalikuwa yaanze saa kumi na moja jioni. Ilipofika saa kumi na mbili tulikuwa watatu tu: mimi, mpiga ngoma na dada mmoja wa sauti ya pili. Kijana mwingine alifika tukifunga. Akanivuta kando, akaniuliza, "Pasta, nimeomba, nimefunga, nimerekodi nyimbo mbili. Mbona Mungu hanifungulii mlango?"

Sikumcheka, maana uchungu wake ni wa kweli. Hapa Majengo kuna vijana wengi wanaouliza hivyo, awe ni wa gitaa ama ni wa kuuza mitumba kule Gakoromone. Lakini nilienda nyumbani na wazo moja: mlango wetu ulikuwa wazi tangu saa kumi na moja.

Tumwangalie Daudi. Mstari wa 13 Samweli anammiminia mafuta, na Roho wa Bwana anamjia kwa nguvu. Sasa ruka mpaka mstari wa 19. Sauli anamtafuta, na anaagiza aletwe yule kijana aliye na kondoo. Umeona? Ametiwa mafuta ya ufalme, na bado yuko malishoni. Upako haukumtoa kwa kondoo.

Na nani alimpeleka ikulu? Mtumishi mmoja tu, aliyewahi kumwona akipiga kinubi. Katika mstari wa 18 anamtolea ushuhuda: anajua kupiga, ni shujaa, anazungumza kwa busara, ana umbo zuri, na Bwana yuko pamoja naye. Sisi Wapentekoste tunapenda ile sifa ya mwisho. Soko linapenda ile ya kwanza. Biblia imeziweka zote katika mstari mmoja, basi tusizitenganishe.

Wacha niseme mambo matatu.

Kwanza, jifunze kazi yako. Katika 1 Mambo ya Nyakati 25:7 waimbaji wa nyumba ya Bwana wanahesabiwa, nao ni 288, na wote walikuwa wamefundishwa. Ukikosa mazoezi, usimlaumu shetani sauti ikikwaruza. Na wewe wa biashara, kama hujui faida yako ya jana, hiyo si imani. Ni kubahatisha.

Pili, neno lako liwe na uzito. Nilipomaliza digrii ya biashara nilianza kukodisha vyombo vya sauti. Niliandika mpango mzuri sana. Kisha mteja mmoja akanilipa pesa za kwanza za harusi, nami nikazitumia kulipa deni lingine. Siku ya harusi sikuwa na pesa ya jenereta. Maharusi walikula kiapo bila maiki, na nyanya yake bibi harusi, aliyekuwa ameketi nyuma, hakusikia hata neno. Nilirudisha pesa zile kidogo kidogo, lakini siku ile sikuweza kuirudisha. Chuoni nilifundishwa mtaji ni pesa. Nyanya yule alinifundisha kwamba mtaji ni neno lako.

Tatu, usidharau kidogo. Equity ilianza mwaka 1984 kule Murang'a, ikikopesha watu pesa za nyumba. Kufika 1993, Benki Kuu iliiona kama imefilisika. Ilisimama tena kwa kugeukia watu wa akiba ndogo, wale ambao benki kubwa hazikuwataka, na mwaka 2004 ikawa benki kamili. Kwa hiyo yule mteja wa shilingi ishirini mhudumie vizuri, na ile shilingi ishirini uiandike kwenye daftari.

Mwanamuziki naye aandike. Wimbo "Malaika" umeimbwa na Miriam Makeba na Boney M, dunia nzima inaujua. Fadhili William aliurekodi, akafariki mwaka 2001, na mpaka leo watu wanabishana ni nani hasa aliyeutunga. Kijana, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ipo. Sajili wimbo wako kabla hujauweka kwenye simu za watu, na mkiwa kundi, andikeni mapema nani atapata nini.

Sasa wazazi na wazee, msiseme amina kwa ajili ya vijana peke yao. Kijana anatupigia kinanda ibada tatu, akiulizia nauli tunamwambia thawabu yake iko mbinguni. Mwaka jana nilimpa kijana wetu kazi ya kurekodi nyimbo za mkutano, nikakaa miezi minne bila kumlipa, nikiita hiyo huduma. Yesu anasema katika Luka 10:7 kwamba mfanyakazi anastahili ujira wake. Nimemlipa, nimemwomba msamaha, na nayaandika hapa ili tusirudie.

Je, ukifanya haya yote lazima utajirike? Siwezi kukudanganya. Daudi alikuwa akipiga kinubi vizuri, na bado Sauli akamrushia mkuki (1 Samweli 18:10–11). Uaminifu hauzuii mikuki. Lakini siku mtu atakapoulizwa kama anamjua kijana wa kutegemewa, atakuwa na la kusema juu yako.

Na angalia 17:20. Baba anamtuma Daudi vitani, siku ambayo itabadilisha maisha yake. Anaamka mapema, na kabla ya kuondoka anawaachia kondoo mlinzi. Hata siku ya Goliathi, kondoo hawakuachwa peke yao.

Wiki hii jiulize: kondoo wangu ni nani, na jana nilimwachia nani? Kama kuna mtu unadaiwa naye pesa, kazi ama muda, mpigie kabla ya Jumapili. Mazoezi ni Alhamisi, saa kumi na moja. Mimi nitakuwa mlangoni.

Tuombe: Baba, tufanye waaminifu mahali ambapo hakuna anayetuona ila wewe. Katika jina la Yesu, amina.