Hii Si Bili ya Kodi

Kila mwanzo wa mwaka, mwenye nyumba katika jimbo la Michigan, Marekani, hupokea barua kutoka kwa mthamini wa mji wake. Imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hii si bili ya kodi. Maneno hayo ni ya kweli kabisa, na yamewaponza wengi. Mtu mwenye barua kumi mezani huanza na zile zinazodai pesa. Isiyodai husubiri, kisha husahauliwa. Hata mimi ningeitia kwenye droo.

Kisa cha Detroit, mji wa jimbo hilo, kinanihangaisha kwa sababu ndugu zetu wengi waliohamia Marekani sasa wananunua nyumba zao huko, nao wametoka penye utaratibu tofauti. Mtanzania, kwa mfano, amezoea kodi ya jengo ikatwe anaponunua umeme wa LUKU, tangu 2021. Nyumba za kawaida hukatwa kiwango kimoja, bati liwe jipya au limeshika kutu. Hapo hakuna cha kubishania. Marekani kodi hufuata thamani ya nyumba, na thamani hiyo imekadiriwa na binadamu.

Huko Detroit makadirio yalikuwa na kasoro kubwa. Msukosuko wa uchumi wa 2008 uliporomosha bei hata nyumba nyingine zikauzwa chini ya dola 10,000, lakini vitabu vya mthamini havikushuka kwa kasi hiyo. Katiba ya Michigan inakataza nyumba kuandikiwa thamani ya kodi inayozidi nusu ya bei yake ya sokoni. Wanazuoni Bernadette Atuahene na Christopher Berry walipochunguza hesabu za 2009 hadi 2015, walikuta kati ya asilimia 55 na 85 ya nyumba za mji zimevuka mpaka huo, kutegemea mwaka. Nyumba za bei ya chini ndizo zilizokadiriwa vibaya zaidi. Mwaka 2020 gazeti la Detroit News lilikadiria kwamba kati ya 2010 na 2016 wenye nyumba walitozwa kupita haki yao kwa dola zisizopungua milioni 600.

Kosa lilikuwa la mji, na nisingependa mtu asome hapa lawama kwa waliodhulumiwa. Lakini dalili zilikuwepo, na inafaa tuzitazame moja moja, maana kesho zinaweza kuwa mezani kwetu.

Iliyojificha zaidi ni ile nusu. Tuseme umenunua nyumba kwa dola 15,000, na barua inasema thamani ya kodi ni 14,000. Unaona mambo ni sawa, tena umependelewa kidogo. Kumbe 14,000 ni nusu: mthamini anasema nyumba yako ingeuzwa 28,000, karibu mara mbili ya ulichotoa mfukoni. Namba iliyoonekana ya huruma ndiyo iliyokuwa ikikuumiza. Zidisha kwa mbili kwanza, ndipo uamue kukubali au kubisha.

Dalili nyingine zilikuwa wazi mtaani. Nyumba ya jirani, yenye vyumba sawa na yako, imeuzwa kwa bei ya gari kuukuu, na yako bado imeandikiwa bei ya enzi za neema. Januari 2014 meya Mike Duggan mwenyewe alitangaza kwamba makadirio yatapunguzwa kwa asilimia 5 hadi 20. Mji ukikiri kwamba umekadiria juu, mwenye nyumba ana kila sababu ya kuuliza kama punguzo hilo linatosha. Wengi walishukuru wakanyamaza. Uthamini mpya wa mji mzima ulikamilika 2017.

Kisha kuna kalenda, na hapa ndipo wengi hukwama. Detroit malalamiko huanza Februari kwa mthamini, yakaenda Machi kwenye Bodi ya Mapitio, na asiyeridhika hupeleka shauri kwenye Baraza la Kodi la jimbo kabla ya Julai 31 kupita. Aliyeikosa bodi ya Machi kwa kawaida hasikilizwi na Baraza. Bili yenyewe hufika kiangazi. Ndipo mtu anaposhtuka, anavaa viatu, anakwenda mjini kulalamika, na kuambiwa kwamba alitakiwa aje wakati wa theluji.

Anayefika kwa wakati naye anaweza kupoteza kwa kusema jambo lisilohusika. Kilio cha kwamba kodi ni kubwa hakiisaidii bodi, kwa sababu yenyewe hupima thamani tu. Ipelekee bei za nyumba zilizouzwa karibu na kwako, picha za paa linalovuja, na makadirio ya fundi kuhusu gharama ya matengenezo. Nenda na karatasi, ndugu yangu.

Deni la kodi lisilolipwa huko huongezewa riba inayoweza kufikia asilimia 18 kwa mwaka, na ikifika mwaka wa tatu kaunti huitwaa nyumba na kuipeleka mnadani. Katika mnada wa pili, nyumba za Detroit zilianza kunadiwa kwa dola 500. Inauma zaidi ukijua kwamba baadhi ya waliozipoteza walikuwa maskini kiasi cha kustahili msamaha wa kodi. Shirika la kutetea haki la ACLU lilishtaki mwaka 2016, na mapatano ya 2018 yakaruhusu baadhi ya waliokuwa bado wakiishi humo kuzinunua tena nyumba zao kwa dola 1,000.

Msamaha huo bado upo, lakini kwa kawaida huombwa upya kila mwaka, na aliyeupata mwaka jana hana uhakika wa mwaka huu. Tofauti na rufaa ya thamani, haufungwi Machi: bodi hupokea maombi hata katika vikao vya Julai na Desemba. Kama una mzazi au shangazi mwenye nyumba Detroit na kipato chake ni kidogo, mpigie simu umuulize kama fomu ya mwaka huu ameshaijaza.