Rangi na Dhamana

Mtu anaponunua kitu dukani, hununua nini hasa? Wengi watajibu upesi kwamba hununua kitu chenyewe, basi. Lakini vipo vitu ambavyo huuzwa pamoja na ahadi. Redio, jokofu na kompyuta hutoka dukani na kikaratasi kisemacho kwamba chombo kikiharibika kabla ya muda fulani, kitatengenezwa au kitabadilishwa bila malipo. Hiyo ndiyo dhamana, au waranti kama wasemavyo vijana wa Kariakoo. Ahadi hiyo ina masharti yake, na sharti ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, ni lile lisemalo: ukikifungua, ahadi imekwisha.

Swali hili lilinifikia hapa Chiwata, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, kwa njia ya mpwa wangu. Kwetu sisi Wamakonde mjomba huulizwa mengi, hata yale asiyoyasomea. Kijana huyu ana studio ndogo mjini Masasi. Huhariri video za harusi na za sherehe za watoto wanapotoka jando na unyago, na kwa fedha za msimu mzima wa korosho alinunua Dar es Salaam kadi ya michoro, yaani kile kipande cha kompyuta kinachofanya kazi ya kuunda picha zinazoonekana kwenye skrini. Kompyuta yake ina ubavu wa kioo, hivyo wateja huona mpaka ndani. Kadi ilikuja nyeusi yenye mistari myekundu; yeye aliitaka nyeupe, yenye michoro ya pembepembe kama ile waliyochanjwa bibi zetu usoni. "Mjomba," akaniuliza, "kitu nimekinunua kwa jasho langu. Nikikipaka rangi nimemkosea nani?"

Mwanzoni nilidhani hana wa kumkosea. Watu wetu wamezipamba baiskeli zao tangu zilipoingia, na redio nyumbani huvishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Kupamba ni namna ya kusema kwamba kitu hiki sasa ni cha nyumba hii. Wazee wetu waliipamba hata ngozi yao wenyewe, na wala hawakumwomba mtu ruhusa.

Lakini kijana alinieleza jinsi kadi ile ilivyoundwa, nikaona kwamba si baiskeli. Juu kuna kifuniko cha plastiki chenye feni. Chini yake yamo mapezi membamba ya madini yanayotoa joto, na chini zaidi ndimo ilimo akili yenyewe ya kadi. Ukipuliza rangi bila kufungua, itaingia kwenye feni. Ikiganda kwa unene juu ya mapezi, joto halitatoka vizuri. Na rangi yenye chembe za madini yaweza kupitisha umeme mahali usipotakiwa, na kadi ikaungua. Kwa hiyo mwenye busara hukitoa kifuniko na kukipaka hicho peke yake, mbali na vingine. Ila juu ya skrubu moja pamebandikwa stika ndogo, na ukiigusa kwa bisibisi inachanika. Rangi ya plastiki haina madhara yoyote. Kinachokatazwa ni njia ya kuifikia.

Sasa tumsikilize mtengenezaji. Sisi wakulima wa korosho tunaweza kumwelewa, maana tangu mwaka 2007 mkoani Mtwara tumeuza kwa stakabadhi ghalani. Gunia likishapimwa unyevu, likapewa daraja na kupokelewa, mwenye ghala ndiye anayelibeba. Lakini nikilichukua tena nyumbani, kisha nilirudishe likiwa na korosho zilizooza, ataniuliza: nitajuaje kwamba ni zile zile? Ni swali la haki. Mtengenezaji wa kadi yuko mbali, Taiwan au China, wala hakuona mkono wa aliyefungua.

Hata hivyo kutojua si sawa na kujua. Stika iliyochanika inathibitisha kwamba kitu kilifunguliwa. Haithibitishi kwamba kufungua ndiko kulikokiharibu. Wamarekani waliliona jambo hili zamani. Sheria yao ya dhamana ya mwaka 1975 inazuia kampuni kuifunga dhamana kwa sharti kwamba mteja atumie vipuri au mafundi wa kampuni hiyo tu, na mwezi Aprili 2018 tume yao ya biashara iliziandikia kampuni sita, za magari, simu na michezo ya kompyuta, ikizionya juu ya maneno na stika za namna hii. Kampuni yaweza kukataa kulipa, lakini iwe imeonyesha kwamba madhara yametokana na mteja. Kampuni ya EVGA ya huko huko, kabla ya kuacha biashara ya kadi mwaka 2022, iliwaruhusu wateja kuondoa vipozeo bila kupoteza dhamana, mradi kadi yenyewe isiwe imeumizwa. Nami naona huo ndio utaratibu wa haki hata pasipo sheria. Kampuni ina mafundi na vipimo; mteja ana neno lake tu. Mzigo wa kuthibitisha na aubebe mwenye mabega.

Mteja naye ana deni lake. Kijana mmoja alimfundisha mpwa wangu kuipasha stika moto kidogo ili ibanduke nzima, apake rangi atakavyo, na siku kadi ikiharibika aisugue rangi na kuirudisha stika mahali pake. Hapo nilikuwa mkali. Wachongaji wetu wanaijua hila hiyo: mti mweupe husuguliwa kiwi ya viatu, ukauzwa kwa mgeni kama mpingo. Rangi ya kwenye kinyago kile ni uongo, wala si pambo. Ukidai kampuni isikuhesabu mwongo kwa sababu ya stika, huwezi tena kuipachika stika ili idanganyike.

Kijana hakunyamaza. Alitoa risiti yake, nayo imepigwa muhuri tunaoufahamu sote: mali ikishauzwa hairudishwi. "Mjomba, duka liko zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Hiyo dhamana unayoilinda iko wapi?" Nakiri kwamba hoja hii ilinisumbua kuliko ile ya kwanza. Tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume yake ipo kwa ajili ya kumlinda mlaji, lakini ni nani atakayepanda basi kutoka Masasi na kadi mkobani, alipe nauli na malazi, ili akabishane na mwenye duka? Ahadi ni deni, ndiyo, ila deni lisilodaika humfanya mdai aonekane mjinga.

Nilimjibu hivi. Ahadi ile ni yako, hata ikiwa nyembamba, na mwenye ahadi anaweza kuiacha kama mtu anavyosamehe deni lake. Ukifungua ukijua kwamba huenda umeipoteza, hujamdhulumu yeyote. Umepima pambo na usalama wa kazi yako, ukachagua. Hilo ni tofauti na kuitaka ahadi yote huku ukificha ulichofanya. Lakini mpime pia mkeo na watoto, maana kadi ile ndiyo inayowalisha, nao hawakuulizwa rangi.

Alikaa wiki mbili bila kuigusa. Kisha alikitoa kifuniko, akakipiga msasa, akakipaka nyeupe mara mbili na kuchora mistari ya kahawia kwa mkono wake. Mapezi hakuyagusa. Stika ilichanika, na vipande vyake viwili amevitia katika bahasha pamoja na risiti, ambayo nyuma yake ameandika tarehe na alichokifanya. Feni zinazunguka vizuri. Dhamana ina miezi 14 iliyobaki.