Chini ya Mretemu: Je, Kuchoka ni Dhambi?

Soma 1 Wafalme 18:41–19:18.

Makambi yamekwisha, watu wamebatizwa, mahema yameshushwa. Mzee wa kanisa aliyebeba mzigo wa chakula, vyombo vya matangazo na malazi ya wageni kwa juma zima haonekani ibadani Sabato inayofuata, wala ile ya baada yake. Waliokwenda kumtazama wamemkuta amelala. Anasema hata kuomba hawezi. Katika baraza la kanisa mmoja anasema imani ya mzee imepungua, na wengine wanatikisa vichwa kukubali. Je, wamesema haki?

Eliya angehukumiwa vivyo hivyo. Mchana alisimama mbele ya manabii 450 wa Baali. Jioni alipiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, mwendo wa zaidi ya kilomita 25. Kisha ukaja ujumbe mmoja tu kutoka kwa Yezebeli, na mtu yuleyule akakimbia karibu kilomita 150 hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe.

Wachunguzi wa mwili na nafsi wanatusaidia hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza jinsi hatari inavyouamsha mwili: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, damu huelekea kwenye misuli, tumbo husimamisha kazi yake. Mtu huwa tayari kupigana au kukimbia. Mwaka 1936 Hans Selye, akifanya kazi Montreal, Kanada, aliandika juu ya panya waliotaabishwa kwa baridi, kwa majeraha, kwa kazi ya misuli kupita kiasi. Taabu zilikuwa mbalimbali, lakini miili ilipita njia moja: kushtuka, kisha kustahimili, na taabu isipokoma, kuishiwa nguvu. Panya si nabii, na ni vema mwalimu wa darasa aseme hivyo waziwazi. Lakini nabii naye ana tezi na misuli, na adrenalini haiulizi kwanza kama mtu anasali.

Angalia sasa utaratibu wa Mungu. Chini ya mretemu hapakuhubiriwa lolote. Malaika alimgusa Eliya, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akaja mara ya pili na chakula kilekile. Swali juu ya anachokifanya mahali pale lilikuja Horebu, baada ya siku 40.

Hata hivyo, ni rahisi kuteleza upande wa pili. Ikiwa hisia hutoka kwenye tezi, basi hakuna anayewajibika kwa lolote? La. Huko Horebu Eliya alitoa jibu lilelile mara mbili, kwamba amesalia yeye peke yake. Hakuwa akidanganya, alisema alivyoona. Lakini Mungu alihesabu watu 7,000. Tena Obadia alikuwa amekwisha kumwambia kwa kinywa chake kuhusu manabii 100 waliofichwa pangoni (1 Wafalme 18:13). Aliyechoka husahau hata alichoambiwa. Hisia zake zilisema kweli kuhusu nguvu zake zilizokwisha, zikakosea kuhusu Israeli. Kwa hiyo kuvunjika moyo kwake hakukuhesabiwa kuwa kosa, ila hesabu yake ilisahihishwa, na ilisahihishwa baada ya mkate na usingizi.

Na ni nini kilichomwinua arudi njiani? Si vitisho; vya Yezebeli vilimtosha. Alipewa kazi yenye mipaka, na mtu wa kushika nafasi yake, Elisha. Musa naye, alipolemewa na mzigo wa watu hata akaomba kufa, alipewa wazee 70 (Hesabu 11:10–17). Swali linarudi barazani: ni nani aliyempa mzee mmoja chakula, vyombo na wageni, vyote vitatu, na mwaka jana ilikuwaje?

Neno moja lisipitwe. Mtu anayesema anatamani kufa asiachwe peke yake, wala asisomewe fungu na kuagwa mlangoni. Apelekwe kwa daktari, na mtu akae naye. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, na maneno yale mazito aliyasema pasipo mwanadamu wa kuyasikia.

Darasa lijadili, kabla baraza halijaketi tena: nani ataenda nyumbani kwa mzee juma hili, na mkononi atabeba nini?