Deni la Mtahiniwa

Yako maswali yasiyoandikwa katika karatasi yoyote ya mtihani, wala hayana alama ukingoni, lakini kila mwanafunzi huyajibu apende asipende. Moja katika hayo ni hili: mwanafunzi ana deni gani kwa watu wanaomsomesha? Swali hili huja kwa nguvu zaidi katika muhula wa pili wa mwaka wa mwisho, mtihani wa majaribio unapokaribia, na taa za madarasa zinapowaka kabla jogoo hajawika. Huulizwa katika kila pembe ya Kenya. Mimi nitalitazama kutoka Ekerenyo, katika kaunti ya Nyamira, kwa kuwa mahali padogo panapojulikana huonyesha jambo waziwazi kuliko nchi nzima ikitajwa kwa jumla.

Ekerenyo ni mahali pa vilima, mvua na udongo mwekundu. Mashamba ni madogo, na mengi yamegawanywa tena na tena baina ya ndugu. Chai na migomba hufuatana mteremkoni mpaka kijitoni. Mtoto wa huko ajua karo yake yatoka wapi. Amemwona mama akiondoka alfajiri na kikapu mgongoni, akichuma majani mawili na chipukizi, tena majani mawili na chipukizi, mpaka kikapu kijae. Ameyaona majani yakipimwa kilo kwa kilo. Ameuona mkungu wa ndizi ukipelekwa sokoni, na pengine ng'ombe naye akifuata njia ile ile. Hakuna aliyemhubiria mtoto huyu kwamba ana deni. Amelihesabu mwenyewe kwa macho yake.

Basi anayeuogopa mtihani haogopi karatasi na wino. Aogopa uso wa baba siku ya matokeo, na ukimya wa mama. Akilini mwake amefanya hesabu: wao wametoa fedha, nami nitoe alama, wakitoa nyingi nami nikatoa chache, mimi ni sawa na mwizi. Hesabu hii yaonekana ya haki, na ndiyo sababu huwaumiza vijana wema kuliko wazembe. Mzembe hulala usingizi wake. Yule awapendaye wazazi wake ndiye akaaye macho usiku, tumbo likimkata, akiusoma ukurasa mmoja mara kumi bila kuuona.

Nasema hesabu hiyo ina kosa, na kosa lenyewe liko mwanzoni. Mtu hawezi kudaiwa kwa haki kitu kisichokuwamo mkononi mwake. Mkulima wa chai adaiwa kupalilia na kuchuma kwa wakati. Hadaiwi mvua, wala bei ya chai haipangwi shambani kwake. Mavuno yakiwa haba baada ya palizi njema, jirani mwenye akili humpa pole. Shamba likimezwa na magugu, jirani yule yule humlaumu, naye hana la kujibu. Mwanafunzi ni vivyo hivyo. Muda wake, usikivu wake, ujasiri wa kuuliza asilolielewa, na ukweli juu ya analolijua na asilolijua: haya yamo mkononi mwake, na haya ndiyo deni lake. Alama huja baadaye, nayo imechanganyika na mambo mengi: swali lililotokea, homa ya siku ile, mwalimu aliyekosekana kwa muda mrefu, kitabu kimoja kilichosomwa na watu watano.

Huenda ukasema, 'Mwalimu, huku ni kumjengea mvivu kibanda cha kujifichia.' La, sivyo. Tazama vizuri, utaona kwamba deni la bidii ni zito kuliko deni la alama. Deni la alama hudaiwa siku chache tu katika mwaka, na laweza kulipwa kwa wizi. Deni la bidii hudaiwa kila siku, hata Jumatatu ya mwezi wa Februari ambapo hapana anayetazama, na hakuna sarafu ya bandia inayoweza kulilipa. Mvivu hawezi kujificha humo. Ni mahali pasipo kivuli.

Sasa tuutazame mtihani wa majaribio wenyewe. Katika kituo cha kupimia majani chai kuna mizani. Mizani haimpendi mtu wala haimchukii; humwambia alichokileta. Mtihani wa majaribio ni mizani ya namna hiyo, nao una fadhila moja ambayo mtihani wa taifa hauna: hupima wakati shamba bado liko wazi na jembe bado liko mkononi. Mwanafunzi aliyekosa swali la kemia katika mwezi wa Julai ameambiwa siri ya thamani kubwa, akiwa na miezi ya kuitumia. Akilikosa lile lile Novemba, ameambiwa baada ya mlango kufungwa. Fikiri juu ya mchongaji wa Tabaka, katika kaunti jirani ya Kisii, atengenezaye vinyago na bakuli kwa jiwe laini liitwalo jiwe la sabuni. Ufa ukionekana jiwe likiwa bado gogo, hubadili umbo alilokusudia na hapotezi kitu kikubwa. Ufa ukijitokeza baada ya kuchonga na kung'arisha, kazi yote imepotea. Wahenga walisema, 'Mficha maradhi, kifo humuumbua.' Mtihani wa majaribio ni ruhusa ya kuonyesha maradhi yako kwa mganga mapema.

Kwa sababu hiyo, kijana anayetafuta karatasi ya mtihani wa majaribio kabla ya siku yake ajifanyia jambo la ajabu. Ni kama mgonjwa anayelipa fedha ili kipimo cha homa kiseme uongo. Wako watakaosema, 'Jambo dogo, si mtihani wa kweli.' Lakini mkono hujifunza kwa yale madogo. Kenya iliona mwisho wa njia hiyo. Katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne wa mwaka 2015, matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu. Mwaka 2016 ulinzi wa karatasi ukakazwa, na usahihishaji ukasimamiwa kwa ukali mpya. Waliopata alama ya A mwaka 2015 walikuwa 2,685. Mwaka 2016 walikuwa 141, ingawa watahiniwa walipita nusu milioni katika kila mwaka. Si haki kusema kwamba kila aliyepata A mwaka 2015 aliiba. Na hapo ndipo penye dhuluma kubwa: mwenye bidii aliyeipata kwa jasho lake aliachwa na cheti ambacho watu walikitazama kwa jicho la shaka. Mwizi wa alama haibi kutoka kwa Serikali. Aiba kutoka kwa jirani yake wa dawati.

Iko njia nyingine ya kuikimbia mizani, nayo ni kuichoma moto. Mwaka 2008 shule nyingi za sekondari za Kenya zilikumbwa na ghasia, na hofu ya mitihani ya majaribio ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 ziliwaka moto, na za Kisii na Nyamira zilikuwamo. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, na si kila moto ulitokana na mtihani. Lakini moto wowote wa bweni wauliza swali moja: ni nani atakayelipa? Atalipa mama yule yule mwenye kikapu, kwa kuchuma kilo nyingine ili kununua godoro jingine. Kijana aliyetaka kulikimbia deni lake atakuwa ameliongeza maradufu. Hata hivyo, wakubwa nao hawana budi kujiuliza kwa nini mtoto aliona moto ni rahisi kuliko kusema, 'Naogopa.'

Yafaa sasa tuseme jinsi deni la kweli linavyolipwa, maana nia njema isiyo na njia ni kama jembe lisilo na mpini. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha habari za majaribio aliyoyafanya juu ya nafsi yake mwenyewe. Alijifunza kwa moyo silabi zisizo na maana, kisha akapima jinsi alivyozisahau. Aliona kwamba tunasahau upesi sana katika saa na siku za kwanza, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali hufaa kuliko yaliyorundikwa pamoja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine waliambiwa wavisome tena. Wengine waliambiwa wafunike na kuandika walichokikumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Angalia hekima iliyomo: kujipima si kupima tu, ni kujifunza kwenyewe. Basi funga kitabu, chukua karatasi tupu, andika unayoyakumbuka, kisha fungua utazame ulipokosea. Rudia kesho kutwa, na tena wiki ijayo. Jambo hili huchosha kuliko kusoma ukurasa ule ule kwa kalamu ya rangi, na kuchosha huko ni dalili kwamba kazi inafanyika.

Tena lala. Najua katika mabweni mengi kuna sifa kwa yule aamkaye saa kumi usiku na kutia miguu katika beseni la maji baridi asisinzie. Sifa hiyo ni ya bure. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walishauri mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa siku. Yaliyosomwa mchana hukaa vyema akilini wakati wa usingizi. Anayeukata usingizi ili asome zaidi amwaga maji ya mtungi ili apate nafasi ya kutia mengine. Mama aliyelipa karo hakununua macho mekundu.

Lakini deni haliendi upande mmoja. Mwanafunzi naye adai. Kwa mzazi adai kwamba asilinganishwe na mtoto wa jirani, na kwamba swali la kwanza siku ya matokeo ya majaribio lisiwe 'Umekuwa wa ngapi?' bali 'Umegundua nini?' Swali la kwanza hufundisha kuficha, na la pili hufundisha kusema kweli. Adai pia saa za kusoma anapokuwa nyumbani: kuni na maji vyaweza kugawanywa baina ya ndugu wote, wavulana kwa wasichana. Kwa mwalimu adai kwamba karatasi irudi mapema ikiwa na maelezo ya makosa, maana alama isiyo na maelezo ni hukumu isiyo na sababu. Na orodha ya majina ibandikwayo ukutani, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, humwambia wa mwisho jambo analolijua tayari, bila kumwonyesha hatua moja ya kupanda.

Wako vijana ambao hofu yao imepita kipimo. Hawali, hawalali, hulia pasipo sababu, au husema maneno kama kwamba dunia ingekuwa njema bila wao. Msomaji, ikiwa ni wewe, usingoje mtihani upite. Mwendee leo mtu mzima unayemwamini, mwalimu, shangazi, nyanya au muuguzi wa zahanati, umwambie kwa maneno mafupi. Ikiwa ni rafiki yako, usiitunze siri yake, fuatana naye. Hapana cheti kilichopata kuwa na thamani ya mtu.

Nirudi katika swali nililoanza nalo. Mwanafunzi adaiwa bidii ya kila siku na ukweli. Akivitoa hivyo viwili amelipa, hata kama alama haikufika pale wote walipotamani. Asipovitoa hajalipa, hata kama jina lake limetajwa redioni. Alama nzuri ni jambo la kufurahisha, nami naitamani kwa kila mmoja wenu, kwa sababu milango mingi hufunguliwa nayo. Itafuteni kwa nguvu zote. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Siku karatasi ya majaribio itakaporudi mkononi mwako ikiwa na alama nyekundu, usiikunje ukaificha chini ya godoro. Ikunjue mezani, mchukulie mwalimu swali la kwanza ulilokosa, na ukifika nyumbani mwonyeshe mama karatasi nzima. Alipeleka majani yake mizanini mara nyingi, naye ajua kwamba kilo chache za leo hazimzuii mtu kurudi shambani kesho.